Habari Alizoambiwa Nanjala

Juzi maziwa yalimwagika jikoni kwangu kwa sababu nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja, nikimrekodia dada yangu habari za nyumba. Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi, nasimama mbele ya jiko na kumweleza Metrine kwamba mwanangu mkubwa amepoteza sweta nyingine, kwamba bomba la sinki linavuja na fundi ni yule wa kesho na kesho, kwamba baba watoto yuko safarini tena na mama mkwe anakuja Jumamosi. Yeye husikiliza akiosha vyombo kwake, halafu hunitumia zake. Hakuna anayemjibu mwenzake, tunapakuliana tu. Basi maziwa yakapanda, yakamwagika, na harufu ya maziwa yaliyoungulia motoni ikajaa nyumba nzima. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ya pakiti ndiyo usiseme. Ajabu ni kwamba sikukasirika. Nilizima jiko, nikavuta kiti nikakaa, nikamkumbuka mama yangu akiongea na ng'ombe.

Nilikulia Kakamega, upande wa miwa, wakati miwa ilikuwa imetupanda kichwani sote. Mwenye miwa ndiye aliyesalimiwa kwanza nje ya kanisa. Nyumba za nyasi zilikuwa zikivuliwa kofia moja baada ya nyingine na kuvishwa mabati. Trekta zilipita barabarani zikiburuta matrela yaliyojaa hadi miwa ikawa inaanguka kila penye shimo, nasi watoto tukizifuata nyuma tukivuta na kutafuna mpaka pembe za midomo zikachanika. Shamba lilipochomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yaliruka na kutua juu ya nguo zilizoanikwa. Mama alizirudisha kwenye karai bila neno. Nilikuwa na ule umri wa mtoto anayetumwa kila mahali lakini haambiwi chochote.

Baba alifanya kazi kiwandani, kwenye boila, penye moto mkali, shifti ya usiku. Kwa hiyo kwetu mchana ndio ulikuwa usiku. Tulijifunza kucheza kwa kunong'ona, kugombana kwa kunong'ona, hata kulia kwa kunong'ona, kwa sababu baba alikuwa amelala. Nadhani niliujua mgongo wake kuliko uso wake. Aliamka jua likianza kulegea, akaoga, akala, akatoka kwenda kusubiri lori la kiwanda barabarani. Saa hizo chache hakuwa mtu wa kusemeshwa sana. Hakuwa mkali, bali macho yake yalikuwa mekundu na akili yake bado iko mtoni inaogelea.

Na mama? Mama alikuwa kila mahali. Ukimtafuta jikoni yuko kisimani, ukimfuata kisimani ameshapita njia ya juu kwenda kupalilia miwa, ukifika kwenye miwa unasikia sauti yake nyumbani akimfukuza kuku kwenye mahindi. Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na katikati hapo sikumbuki kumwona ameketi, isipokuwa kanisani, na mara moja kwa siku, jioni, wakati wa kumkama Nanjala.

Nanjala alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Alitoka kwa kukhu, mama yake mama, huko Lumakanda. Mwaka mmoja wa njaa kukhu alimfunga kamba akamleta kwa miguu, akilala njiani kwa watu wa kanisa lake, ili wajukuu wasikose maziwa. Ndiyo maana tulimpa jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Tulimfunga kwenye nguzo chini ya dirisha la chumba cha wazazi, ili wezi wakija baba au mama asikie. Mbele ya nyumba, kuanzia dirishani hadi njiani, palikuwa na kipande cha nyasi, na hicho kilikuwa chake.

Jioni mama alichukua ndoo na kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Nanjala, na maziwa yalipoanza kulia ndani ya ndoo, naye akaanza.

"Nanjala, leo Timona amekohoa tangu asubuhi. Nimempa maji ya limau, tuone. Hiyo paa ya jikoni imeanza kuvuja tena, pale pa upande wa mafiga. Kuku ya madoadoa imeanza kulalia. Metrine ameambiwa apeleke jembe shule, na jembe ya hapa ni moja na mpini imevunjika. Mama Ayubu wa hapo chini amefiwa na ndugu yake, mazishi ni Ijumaa, na mtu wa hii nyumba lazima aonekane, si unajua watu hutuangalianga. Nanjala, simama vizuri."

Hakuinua sauti wala hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma matangazo kanisani, jambo hili likifuata jambo lile, na mwisho wa ndoo ndio uliokuwa mwisho wa habari. Kisha akasimama, akashika kiuno, akarudi mbioni.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, baba alikuwa juu ya paa la jikoni na kipande cha bati. Jembe lilipata mpini mpya. Ijumaa alionekana mazishini kwa Mama Ayubu, amevaa koti, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akishika mikono ya wafiwa. Na sikuwa nimemsikia mama akimwambia lolote kati ya hayo. Mezani walisema "chumvi" na "asante" na "maji ya kuoga iko tayari". Basi nilipiga hesabu yangu ya kitoto nikapata jibu: Nanjala ndiye aliyemwambia.

Msinicheke. Hoja yangu ilikuwa na miguu. Baada ya kukamwa, Nanjala alilala palepale chini ya dirisha akaanza kucheua, na mimi niliamini anatafuna maneno ya mama, anayalainisha, halafu anayapitisha kwa baba taratibu kupitia ukutani. Ng'ombe hatafuni hewa, nilijiambia. Kwa hiyo na mimi nikaamua kutuma ombi langu. Nilitaka viatu vyeupe vya kishikizo kama vya binti wa mwalimu. Nilimletea Nanjala vilele vya miwa, nikamshika sikio, nikamnong'oneza. Nilirudia jioni nyingine na nyingine. Aliyala majani yangu yote, akanipangusa na ulimi, na viatu havikuja. Nilimwona ng'ombe mwenye mapendeleo, anayewasikiliza watu wazima tu, nikamnunia.

Ukweli niliujua siku niliyotumwa kumletea Timona blanketi. Timona alikuwa mdogo wetu, mtoto wa kifua kibovu, na blanketi lake lilikuwa chumbani kwa wazazi. Nje mama alikuwa ameshaanza kukama na kuongea. Nilisukuma mlango polepole nisimwamshe baba. Baba hakuwa amelala. Alikuwa chali, mikono chini ya kichwa, macho wazi yakitazama mabati, anasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Aliponiona aliweka kidole mdomoni.

Nilitoka nikikimbia, kwani nilidhani nimefumania jambo baya. Nilikwenda nikachuchumaa kando ya kigoda cha mama na kumnong'oneza, "Mama, nyamaza! Baba hajalala! Anasikia kila kitu!"

Mama hakuinua hata paji la uso. Mabega yake yalianza kutikisika, na maziwa yakakosa ndoo yakapiga mguu wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona akicheka.

"Sasa wewe ulidhani naongeanga na nani?" alisema. "Hii ng'ombe itaziba paa?"

"Mbona usimwambie yeye mwenyewe?"

Alikamua kidogo kabla ya kunijibu. "Mtoto wangu, ukisimamia bwana mbele ya macho na amechoka, umwambie hii imevunjika, hii imeisha, hiyo ni vita. Ukiambia ng'ombe, hiyo ni habari tu. Chukua blanketi upeleke kwa Timona."

Leo, nikiwa na nyumba yangu na uchovu wangu, naona ule mpango ulivyokuwa na akili. Kwetu, mwanamke aliyemkalia mumewe usoni na orodha ya mapungufu aliitwa mwenye mdomo, na mwanamume aliyetumwa na mkewe hadharani alichekwa kwenye pombe. Lakini baba alipopanda juu ya paa bila kuambiwa, alipanda kama mtu aliyefikiria mwenyewe. Na mama alisema yote aliyotaka bila kukatizwa na bila kujibiwa vibaya. Heshima ya kila mmoja ilibaki mahali pake. Sidhani kama waliwahi kukaa chini wakakubaliana hivyo. Nafikiri siku moja mama alichoka akaanza kumwambia ng'ombe, na baba akawa macho, na ikawa desturi.

Kisha miwa ikafika mlangoni.

Bandu bandu huisha gogo. Miwa ilikuwa imekula shamba la wimbi kwanza, ikala viazi vitamu, ikala mahali tulipofunga mbuzi. Kwa majirani ilikuwa imeshagusa kuta. Ulisikia sufuria ya mtu ikifunikwa lakini nyumba yake huioni. Siku moja akaja supavaiza wa miwa na kamba ya kupimia, akapita kwenye kile kipande cha nyasi mbele ya nyumba, akapiga vigingi. Jioni hiyo baba alitangaza tukiwa tunakula.

"Hii nyasi ya hapa mbele itaingia miwa. Ng'ombe haitakuwa na mahali. Tutaipeleka Lubao, sokoni."

Mama alimwongezea mrenda kwenye sahani. Sisi watoto tulitazamana. Niliacha kutafuna, kwa sababu mimi nilijua jambo ambalo Metrine na Timona hawakulijua. Metrine aliona ng'ombe anauzwa. Mimi niliona mdomo wa mama unauzwa.

Jioni iliyofuata nilijibanza kwenye kona ya nyumba nisikie atasema nini.

"Nanjala, umesikia? Wanasema utaenda Lubao. Mimi sijasema kitu. Mimi ni nani?" Maziwa yalilia ndooni muda kabla hajaendelea. "Timona na hiyo kifua yake atakunywa nini? Atakunywa miwa? Mama yangu alikutoa Lumakanda na mguu. Akiuliza, nitamwambia uko wapi?"

Na jioni nyingine: "Nanjala, mimi sikatai miwa. Miwa ndio imetuletea mabati. Lakini mtu hawezi kula mabati. Watu wa hapo chini wamelima mpaka kwa mlango, saa hii wananunua mpaka sukuma wiki. Si ni aibu, mkulima kununua sukuma?"

Na nyingine, kwa sauti ya chini sana: "Nanjala, kama kuna mtu anasikia, angesema tu aache hii nyasi kidogo. Kidogo tu."

Nilikimbilia ndani. Nilikuwa nimepata ujasiri wa kuchungulia chumbani saa ile. Baba alikuwa chali kama kawaida, macho wazi, na taya lake lilikuwa linacheza kana kwamba anatafuna kitu kigumu. Nilitamani afungue mdomo. Dirisha lilikuwa pale, hatua moja tu kutoka kitandani. Lakini baba alikuwa "amelala", na mtu aliyelala hajibu. Angetoa neno moja, angekubali kwamba miaka yote alikuwa macho, na kila paa na kila mpini wa jembe ungegeuka kuwa amri ya mke. Aligeukia ukutani akajifunika shuka. Hapo ndipo nilipouona ubovu wa ule mpango. Ulitosha kwa paa linalovuja, na ulitosha kwa mazishi, lakini haukuwa na njia ya kusema hapana.

Naamini mama alingoja jibu. Siku zile alikama polepole, hata ndoo ilipojaa alikaa kidogo zaidi na mikono mapajani. Jibu halikuja, na vigingi vilibaki pale pale.

Mnunuzi wa Lubao alikuja asubuhi na fimbo mkononi, mtu mchangamfu wa maneno mengi. "Mulembe, mama! Hii ng'ombe hukamwanga vizuri?"

"Uliza mwenyewe," mama alisema. Alijitwika mtungi akaenda mtoni, ingawa maji yalikuwa yamejaa nyumbani.

Nanjala aligoma kwenye njia. Alipanda miguu yake ardhini akageuza shingo kutazama dirisha, na baba ndiye aliyelazimika kumvuta, huku yule mtu akimsukuma kwa nyuma. Timona alilia bila kunong'ona, na siku hiyo hakuna aliyemnyamazisha. Nililia na mimi. Viatu vyeupe nilikuwa nimeshavisahau. Baba aliporudi alitundika kamba kwenye msumari, akaingia chumbani akalala na viatu miguuni. Trekta ya kulima ilikuja wiki hiyohiyo. Ilipindua nyasi zote, ikafika karibu na ukuta hata madongoa yakabingirika hadi chini ya dirisha.

Kama mama angenuna, tungejua la kufanya. Lakini hakununa. Alimwambia baba, "Chakula iko," akamwambia, "Shati yako imekauka." Alimsalimia na kumwitikia. Habari tu ndizo alizoacha kutoa. Saa ya kukama ilipofika aliingia jikoni, akawasha moto mapema kidogo kuliko zamani, akapika. Nilimsogelea nikamuuliza mbona hasemi tena. Alinitazama kwa uso uliochoka, wala si wa hasira, akasema, "Nimemaliza, mama. Nimesema nikamaliza." Akanituma kuni.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mvua ilinyesha, paa likavuja mahali papya, tukahamisha mafiga badala ya kuziba. Mzee mmoja wa kanisani akazikwa na baba hakuonekana, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na watu wakasema mambo. Timona alikunywa chai ya rangi na kifua chake hakikupoa. Mpini wa jembe ulilegea tena. Nyumba yetu ilianza kufunguka hapa na pale, na baba alipita katikati yake akienda na kurudi kazini kama mgeni.

Na kila jioni, saa ileile, nilipochungulia chumbani, nilimkuta baba chali, mikono chini ya kichwa, macho wazi. Anasubiri. Nje hakukuwa na chochote ila madongoa na vipande vya mbegu za miwa vilivyokwisha kufukiwa. Niliumia kumwona. Nilikuwa nimemchukia kwa ajili ya Nanjala, na sasa sikuweza hata kumchukia vizuri.

Ndipo nikaamua kutoa habari mimi. Nilijiona nafaa. Si nilikuwa nimesikiliza miaka yote? Nilikanyaga madongoa nikasimama chini ya dirisha, na kwa kuwa ng'ombe hayupo, nikaikabili ile nguzo yake.

"Kuku ya madoadoa imeangua," niliiambia nguzo. "Vifaranga viwili vimechukuliwa na mwewe. Metrine amechapwa shule juu ya hesabu. Paa inavuja, lakini tumesongeza mafiga. Timona bado anakohoa, usiku zaidi." Nikafikiri kama kuna jingine. "Basi."

"Na mama yako?"

Nilishtuka nusura nianguke. Sauti ilitoka dirishani. Dirisha lile lilikuwa limesikia kila jambo la nyumba yetu na halikuwahi kujibu hata kwa kikohozi.

"Yuko jikoni," nilisema.

"Najua yuko jikoni. Nauliza habari yake."

Nilijua kuku ana vifaranga wangapi. Nilijua nani amefiwa na nani amechapwa. Nilijaribu kukumbuka jioni hata moja ambapo mama alimwambia Nanjala kwamba mgongo unamuuma, au ameota ndoto, au kuna kitu anakitamani. Sikuipata. Katika habari zile zote tulikuwemo sote, mpaka kuku, ila yeye hakuwemo. Nami nilikuwa nimeamini, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba mama hana habari, kwamba mambo huwapata watu wengine na yeye huyasimulia tu.

"Sijui, baba," nilisema.

Nikasikia kitanda kikilia, na nyayo, na mlango.

Wanaume wa kwetu hawakuingia jikoni. Hata mwenye njaa alisimama nje akakohoa mpaka akaletewa. Baba aliinama kwenye ule mlango mfupi, akajigonga hata hivyo, akaingia. Moshi ulimpata palepale, akasimama katikati akipangusa machozi kwa mkono wa shati. Timona alimkodolea macho. Metrine, aliyekuwa akichambua kunde, aliweka ungo chini. Mama alikuwa ameinamia sufuria, mwiko mkononi, ndiyo kwanza anatia unga kwenye maji yanayochemka. Aligeuka akamwona.

"Baba Metrine! Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa nini?"

Baba alitafuta pa kukaa. Hakukuwa na kiti cha mwanamume mle, akakalia rundo la kuni. "Nimekuja kusikia habari," alisema.

"Habari ya nani?"

"Yako."

Mama alimtazama, akatutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyefanya mzaha. "Yangu?" alisema. "Yangu hata sijui ianzie wapi."

"Anzia popote. Mimi niko."

Kule barabarani lori la kiwanda lilipiga honi. Sote tulimtazama baba. Lilipiga tena, ndefu, halafu likanguruma likaenda na watu wake, na baba hakugeuza hata kichwa. Sijui kama kilichomgusa mama ni lori au kuni au nini, lakini alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya sufuria ikiwa motoni. Aliketi. Alishuka taratibu chini, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake yenye vumbi la shamba mbele ya watu wote, mwiko bado mkononi.

"Hiyo siku ng'ombe ilienda," alianza, "mimi nilifika mtoni nika..."

Akanyamaza. Tulidhani anatafuta neno. Macho yake yalikuwa yamefumba, kichwa kikainama kidogo, kisha kikaangukia bega. Alikuwa amelala. Alilala katikati ya sentensi yake, katika moshi, mdomo wazi kama mtoto, kama mtu aliyebeba mzigo akaambiwa kwa mara ya kwanza, weka hapo.

Metrine alinyoosha mkono amtikise. Baba akamshika mkono.

"Wacha alale."

Ugali ulianza kunguruma motoni. Baba aliutoa mwiko katika vidole vya mama kimoja baada ya kingine, akapiga goti mbele ya mafiga, akaanza kusonga. Hakuwa anajua. Alitia unga mwingi, akatia maji, akatia unga tena, jasho linamtoka mtu wa boila mbele ya moto wa mafiga. Tulikula mabonge mabichi ndani na nje yameungua, tukimeza polepole, na hakuna aliyecheka. Sehemu ya mama tuliifunika kwa sahani. Timona alimlalia mapajani naye akasinzia, na kifua chake kikawa kinapiga filimbi kidogo kidogo.

Alipofumbua macho moto ulikuwa umepungua. Alituona sote tumemzunguka, akaona baba bado amekaa kwenye kuni na shati lake la kazi, akashtuka akataka kuinuka.

"Ulikuwa umefika mtoni," baba alisema. "Endelea."